Pembe ya Nne ya Turubai

Mgeni alikuja akikanyaga dagaa kwa viatu, na hapo hapo Mwamini Iddi akajua kwamba huyu si mnunuzi.

Mnunuzi wa dagaa hatembei hivyo. Mnunuzi huzunguka turubai, huchuchumaa, huokota dagaa mmoja akamvunja katikati, akamnusa, akamtafuna huku amekunja uso kama anayekunywa dawa. Huyu alikata njia katikati ya dagaa wa jirani yake Shadya, viatu vya ngozi vikiponda samaki wa watu, macho ameyakaza kwenye nyumba ya mwisho kabisa, ile iliyokaribia mchanga kuliko zote. Nyumba ya Mwamini.

Ilikuwa saa tano asubuhi, Novemba ya mwaka tisini na sita, mwaka ambao mashua zilizofika Kigoma zilishusha watu badala ya mizigo. Wanaume wa Kibirizi walikuwa wamelala. Wao huingia ziwani jioni na karabai zao, hurudi alfajiri, hula, hujitupa vitandani. Mchana mchanga ni wa wanawake.

"Shikamoo, mama," alisema mgeni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti zito la kijani, joto lote lile.

"Marahaba, mwanangu. Karibu dagaa. Wa leo hao, bado wanakutazama."

"Nimetoka Tabora. Nahitaji gunia ishirini. Tuzungumzie ndani, jua kali."

Alikuwa ameshavuka kizingiti. Mwamini alishika mlango akajiinua kutoka kwenye kigoda kwa kuguna, maana magoti yake yalikuwa hayampi kitu bure. Alipoingia tu, mgeni akarudishia mlango, akasukuma komeo, akafungua koti. Bastola yenyewe ilikuwa ndogo, nyeusi, na ilishikwa na mkono usiotetemeka hata kidogo.

"Keti chini, mama. Ukipiga kelele, unatangulia wewe."

Mwamini akaketi.

Kibirizi nzima ilimjua Mwamini kama mjane mnene wa Ujiji, mwenye magoti mabovu na mdomo usiopumzika. Hakuna aliyejua kwamba kwa mwaka na nusu alikuwa mtu wa ofisi moja pale mjini isiyo na kibao mlangoni. Kijana aliyemwingiza kazini aliitwa Erick, mtu wa Bukoba, ambaye watu wote walimjua kama bwana samaki. Kila Jumatano Erick alipita na daftari lake, na Mwamini akamsimamisha na kumlalamikia kwa sauti ya kusikika hadi majini: nyavu ndogo, barabara mbovu, choo hakuna. Katikati ya malalamiko hayo ndimo alimoyapachika aliyoyaona. Mashua iliyotoka jioni na karabai sita ikarudi vioo vyake havina hata masizi, maana yake haikwenda kuvua. Au magunia. Gunia la dagaa wakavu mwanamke hulibeba peke yake huku anapiga soga. Siku alipoona wanaume wawili wanatweta chini ya gunia moja, alimwambia Erick, na ndani ya gunia lile zikatolewa bunduki nne.

Kazi yake ilikuwa kutazama tu. Hakufundishwa kupigana, wala kukimbia. Angekimbia wapi na magoti yale?

"Msichana yuko wapi?" aliuliza mgeni.

"Msichana yupi, mwanangu?"

"Yule Mrundi."

"Mie hapa nina mtoto wa marehemu dada yangu, Muha wa Buhigwe, tena mvivu huyo, nikimwambia..."

"Mama!" Bastola ilisogea karibu na pua yake. "Usinichezee. Leonida. Yuko wapi?"

Uso wake Mwamini aliuacha vile vile, umezubaa. Leonida alikuwa ametumwa mashineni Buzebazeba kusaga muhogo, na kabla ya adhana ya adhuhuri angerudi na beseni la unga kichwani, akasukuma mlango huu huu. Wiki tatu sasa alikuwa akiishi hapa. Wavuvi wa Kagunga walimwokota ziwani ameng'ang'ania dumu la mafuta. Mashua iliyowachukua yeye na jamaa zake kuwavusha kutoka Burundi ilisimama katikati ya maji, wakanyang'anywa walivyokuwa navyo, wakasukumwa mmoja mmoja. Msichana huyo peke yake ndiye aliyeiona sura ya mwenye mashua na kubaki hai. Polisi walimhoji mara mbili, Erick mara tatu, na kila mara alijibu maneno mamoja: "Nimesahau." Ndipo Erick akamleta kwa Mwamini, akae, ale, apumue, mpaka siku atakapokumbuka. Kirundi chake na Kiha cha Buhigwe ni kama watoto wa tumbo moja, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Leonida mwenyewe hakujua kazi ya mwenyeji wake. Alimwita mama mdogo, kama alivyofundishwa.

"Ametoka," Mwamini alisema. "Atarudi. Usiniue, mwanangu, mie mjane."

"Na yule mwanamume wake?"

"Mwanamume?"

"Kuna mpelelezi hapa Kibirizi. Watu wangu wamekamatwa mara mbili, mzigo wangu umechukuliwa. Anajua mashua zangu zikitoka, anajua zikirudi. Huyo ndiye aliyemficha msichana kwako. Ni nani?"

Alisema hivyo huku anachungulia chumba cha ndani, anafunua pazia, anapiga teke chini ya kitanda. Alimtafuta mpelelezi mvunguni, na mpelelezi amekaa mkekani mbele yake, anajifuta jasho kwa upindo wa kanga. Mwamini aliogopa, lakini chini ya hofu kicheko kilimtekenya. *Anataka mwanamume. Haya, tumpe mwanamume.*

Akaanza kulia. Alilia vizuri, kwa kamasi.

"Nilimwambia mie! Nilimwambia asiniletee balaa ndani ya nyumba! Mrefu yule, mwanangu, ana kovu hapa shavuni. Huja kula hapa kila siku saa saba. Ugali wangu anakula, na samaki wangu, na leo tena atakuja!"

Mgeni alitulia. Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Saa saba?"

"Hakosi. Tumbo lake ndiyo saa yake."

"Basi tutawangoja wote wawili, mimi na wewe." Akavuta kiti akakaa kuukabili mlango, bastola gotini.

Mwamini aliendelea kusinasina, kichwani anapiga mahesabu ya jua. Sasa mtu huyu hataondoka, hilo amelipata. Lakini Leonida angemtangulia mwanamume asiyekuwepo kwa saa nzima. Yeye Mwamini akipiga kelele, atapigwa risasi, na mtu huyu atatoka mbio akutane na msichana njiani, na beseni kichwani, hana habari. Asipopiga kelele, msichana ataingia mwenyewe.

Juu ya vichwa vyao bati likalia. *Ta.* Kisha tena, *ta, ta.*

Mgeni alitupa macho juu. "Nini hicho?"

"Panya," alisema Mwamini.

Hakuwa panya. Bati la moto hulia hivyo wingu linapoliziba jua kwa ghafla. Mwanamke yeyote wa mchangani anaijua sauti hiyo kuliko anavyoijua sauti ya mwanawe. Mwamini akavuta pumzi kwa pua, polepole. Harufu ya vumbi bichi. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka milima ya ng'ambo, unakuja juu ya maji, na unakuja mbio.

Hapo ndipo akaelewa kosa la mgeni wake. Mtu huyu alikuwa mtu wa ziwa, alijua injini na mawimbi na giza. Lakini watu wa ziwa hulala mchana. Hajawahi, hata siku moja, kuwa macho mchangani mvua inapoingia.

Mvua ikiingia Kibirizi, hakuna dagaa wa fulani na dagaa wa fulani. Kila mwenye mikono hukimbia, hukamata turubai lililo karibu, watu wanne pembe nne, na mbio hadi kwenye nyumba iliyo karibu yenye sakafu ya saruji. Nyumba hiyo ni ya Mwamini. Hawabishi hodi. Hata siku mumewe alipokuwa amelazwa chumba cha ndani akingoja kuzikwa, mvua ilipiga, na wanawake waliokuwa wakimlilia wakanyamaza, wakakimbia mchangani, wakarudi wakamwaga dagaa ukumbini, wakaendelea kulia pale walipoachia. Na wakati huo hakuna mtu anayesimama mikono mitupu. Kuna padri aliyekuwa anapita tu, akajikuta na pembe ya turubai mkononi na kanzu imejaa magamba.

Mwamini akafuta machozi. Sasa alijua la kufanya, walau nusu yake.

"Mvuaaa!"

Sauti ilitoka upande wa majini, ikapokewa na nyingine, na nyingine. "Mvua! Mvua jamani! Mvuaaa!" Miguu ikaanza kupiga mchanga. Mgeni akasimama.

"Hutoki humu."

"Nani kasema natoka? Dagaa wangu na walowe. Mie roho yangu kwanza."

Jibu lilimridhisha. Halijamaliza kumridhisha, mlango ukagongwa kwa ngumi.

"We Mwamini! Umekufa humo ndani? Fungua!" Alikuwa Shadya, na Shadya hakuwahi kusema jambo kwa sauti ya chini. "Lo, kafunga komeo! Mchana kweupe! Una bwana?"

Vicheko nje. Bastola ikaelekea mlangoni. Mwamini alimshika mgeni mkono wa koti, akamnong'oneza haraka, kama mama anayemfundisha mwanawe cha kusema ukweni.

"Sikiliza. Wako ishirini nje. Usipofungua watavunja, na ukipiga risasi moja Kibirizi nzima itaamka, na mwanamume wako hatakanyaga hapa tena. Ficha hicho kitu. Wewe mnunuzi wa Tabora, sawa? Wataingia, watamwaga dagaa, watatoka. Hawatakutazama hata usoni. Kisha tutangoja saa saba."

Aliona macho ya mtu yule yanapima. Ngumi ziligonga tena, komeo likatikisika. Bastola ikaingia mfuko wa ndani wa koti.

"Ukitamka neno..."

"Nina mjukuu, mwanangu. Nataka kumwona."

Hakuwa na mjukuu. Akavuta komeo.

Upepo uliingia kwanza, kisha Shadya, amelowa hadi kope, anavuta turubai la bluu la wakimbizi pamoja na Lulu na mwanamke mwingine. Pembe ya nne ilikuwa inaburuta chini na dagaa wanamwagika kizingitini.

"Ona! Pembe yako hii, Mwamini, inaburuzwa, na wewe umejifungia na..." Shadya akamwona mgeni. "Na wewe umesimama kama mlingoti! Shika!"

"Mimi ni mnunuzi," alisema mgeni.

"Mnunuzi huna mikono? Shika pembe, utanunua matope!"

Mgeni alimtazama Mwamini. Mwamini akampa ishara kwa nyusi: *shika, watakushangaa.* Akainama akashika. Dagaa wabichi waliolowa ni wazito kama mchanga wa mtoni. Mkono mmoja hautoshi. Akaongeza wa pili.

Yaani mikono yake yote miwili. Mwamini aliiona, ikamjia nusu iliyobaki.

"Msimwage hapo!" alipiga kelele, kelele yake ya kila siku. "Nimemwaga mafuta ya taa sasa hivi! Mnataka dagaa wanuke taa? Shikeni hivyo hivyo nifagie!"

"Fanya haraka basi, mikono inakatika!"

"Usiachie, baba," Lulu alimwambia mgeni. "Ukiachia wewe, wote chini."

Mwamini alichukua ufagio. Hakukuwa na tone la mafuta sakafuni, lakini alifagia. Alifagia akimsogelea mgeni, hatua baada ya hatua, akiguna, akilaani magoti yake, jicho moja kwenye uvimbe ulioning'inia upande wa kushoto wa koti. Wanawake wengine walikuwa wanaingia na mabeseni, wanamwaga, wanatoka. Jasho lilimtiririka mgeni. Bado hatua tatu. Bado mbili.

Ndipo likaingia turubai la Zabibu. Wabebaji wa mbele huingia kinyumenyume, na mmojawao, mgongo umewaelekea, alivaa kanga ya njano iliyochanika upindoni. Mwamini ndiye aliyemfunga kanga ile asubuhi.

Leonida alikuwa ameiona mvua akiwa barabarani, akalitua beseni lake la unga chini ya paa la jirani, akakimbilia dagaa kama wenzake. Wiki tatu zilikuwa zimetosha.

Akageuka. Nyuso zao zilitenganishwa na urefu wa turubai moja.

"Mawe!" alisema Leonida, akimwita mama kwa Kirundi, kwa sauti ndogo kabisa.

Mgeni aliachia pembe.

Dagaa wa Shadya walishuka wote kwa mkupuo, wakamfunika miguu hadi vifundoni. Mkono uliingia ndani ya koti, ukatoka na bastola, na mguu mmoja ukapiga hatua mbele. Viatu vya ngozi, saruji laini, dagaa wabichi. Mguu ukaenda Tabora, wa pili ukabaki Kigoma. Bastola ikalipuka, bati likatoboka, na uzi wa mvua ukashuka katikati ya ukumbi.

Mwamini hakuweza kuruka. Hakuweza kukimbia. Kulikuwa na jambo moja ambalo magoti yake yaliweza kulifanya bila kuombwa, nalo ni kukataa. Akayaachia. Akaanguka kilo zake zote tisini juu ya mkono ule wenye bastola, na kitu fulani ndani ya mkono kikasema *kwa!* kama kuni kavu.

"Ameachia!" Shadya alikuwa anapiga mayowe, na si kwa sababu ya risasi. "Ameachia pembe, mshenzi huyu! Dagaa wangu!" Akampiga na beseni la bati. Lulu naye akampiga na la kwake. Mgeni alijaribu kuinuka, akateleza, akajaribu tena, akateleza.

"Turubai!" Mwamini alipaza sauti akiwa chini. "Mfungieni kwenye turubai! Pembe nne!"

Hiyo walikuwa wanaijua vizuri kuliko watu wote duniani. Kufumba na kufumbua pembe nne zilikutana, zikafungwa fundo, na wanawake watano wakakaa juu ya mzigo. Bastola Mwamini aliisukuma kwa ufagio hadi chini ya kabati, kwa woga wa kweli kabisa, maana hakuwahi kugusa bunduki maishani.

Mlio wa risasi uliwaamsha wanaume. Walifika na mapanga, wengine bila mashati, na baada ya nusu saa polisi walifika na gari, na pamoja nao bwana samaki na daftari lake, ameloa chepechepe.

"Pole sana, Bi Mwamini," alisema Erick. "Nimesikia umeingiliwa na mwizi."

"Mwizi! Mimi nafagia nyumba yangu, nateleza zangu na magoti haya, naangukia mtu! Andika hapo, bwana samaki. Andika kwamba barabara ingekuwa nzuri polisi wangefika mapema."

Erick akaandika, ameinamisha kichwa kuficha meno.

Turubai lilipofunguliwa, mgeni alikuwa na magamba hadi masikioni. Sajini akamuuliza jina.

"Mimi mnunuzi wa dagaa," alisema, ameushika mkono uliovunjika. "Nina bastola kwa sababu ya majambazi wa njiani. Wanawake hawa wamenivamia. Hapa hakuna anayenijua."

Sajini alizungusha macho. Kweli hakuna aliyemjua. Mwamini aliangalia sakafu. Yeye alijua, lakini neno moja tu kutoka kwake, na ule mdomo wa malalamiko usingefaa tena kwa kazi yoyote. Tena hakuwa ameona kwa macho yake. Mwenye kuona alikuwa mmoja, amesimama ukutani, kanga inamdondosha maji, midomo imebana kama ilivyobana wiki zote tatu. Mgeni alimtazama msichana bila kupepesa, na mtazamo ule ulisema yote aliyotaka kusema.

Mwamini bado alikuwa chini. Hakuna aliyekumbuka kumwinua. Akanyoosha mkono akamshika Leonida kifundo cha mguu. Hakumvuta. Alimshika tu.

"Mimi ninamjua," alisema Leonida.

"Sema kwa sauti, dada."

"Ninamjua. Anaitwa Dismasi. Mashua ni yake. Tulikuwa kumi na wawili. Alimsukuma kwanza baba yangu. Martini. Kisha dada yangu Regina, alikuwa anajua kuogelea, akampiga na kasia. Kisha Feliksi, mume wake Regina. Kisha mzee Pastory, yule alikuwa haoni..."

Sajini alikuwa ametoa kalamu na kuinamia karatasi. "Taratibu, dada, taratibu."

Leonida hakupunguza mwendo. Yalikuwa yamekaa mno. Alitaja majina na mahali kila mmoja alipokuwa ameketi ndani ya mashua, nani alikuwa na nini mkononi, nani aliomba na nani hakuomba. Shadya alitua beseni, polepole, lisilie. Mvua ilikuwa inapita kwenye tundu la risasi na kuanguka juu ya dagaa, na kwa mara ya kwanza Kibirizi hakuna aliyewasogeza. Dismasi alikuwa ameacha kumtazama msichana.

Alipofika wa kumi na moja akasita.

"Na mtoto wa Regina," alisema. "Alikuwa na siku sita. Bado hatujampa jina."

Sajini aliinua kalamu. Alikuwa mtu mzima, na hakujua la kufanya.

"Sasa hapa niandike nini?"

"Andika alikuwepo," alisema Leonida.